Petroli Inayotoweka Stoo

Safari hii nataka kueleza habari ya jambo dogo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni kuvuja kwa mafuta katika mashine zilizowekwa stoo.

Siku hizi huku Ngenge, na pande zote za Muleba na Bukoba, mashine zinazokunywa mafuta ni nyingi. Iko pikipiki ya kupakia abiria na mikungu ya ndizi, iko pampu ya kumwagilia bustani, iko jenereta ya dukani, uko msumeno wa kupasulia magogo. Wenzetu wa visiwa vya Bumbire na Goziba wana injini za mitumbwi. Mashine hizi hazifanyi kazi mchana na usiku. Sehemu kubwa ya maisha yake zimelala: nyingine stoo, nyingine jikoni, na nyingine katika chumba kile kile wanacholala watoto, kwa kuwa wenyewe wanaogopa wezi. Watu hudhani kwamba mashine ikizimwa haina madhara tena. Sivyo. Injini hupumzika, lakini petroli haipumziki.

Nitaeleza kwanza lililotokea hapa shuleni, kisha hatari ya mvuke wa petroli, kisha sababu za kuvuja, namna ya kutafuta mahali panapovuja, namna ya kupatengeneza, na mwisho namna ya kuweka mashine ili isivuje tena.

Mwizi asiye na miguu

Shule yetu ina pampu ndogo ya petroli, ambayo huvuta maji kisimani na kuyapandisha katika matangi. Huku kwetu mvua si nyingi kama kwa jirani zetu wa ukanda wa ziwa, kwa hiyo pampu hiyo ni rafiki yetu mkubwa. Ikisimama, twachukua ndoo, na saa ya kujisomea jioni yapotea njiani.

Muhula uliopita ilionekana kwamba petroli yaisha upesi kuliko desturi. Ijumaa jioni tangi lilijazwa, na Jumatatu asubuhi lilikutwa limepungua. Stoo ina sakafu ya udongo, nayo ilikuwa kavu. Hapakuwa na dimbwi wala dalili ya kumwagika. Basi watu wakaanza kunong'ona kwamba mlinzi anaiba. Mlinzi wetu ni mzee wa makamo ya babu zetu, nasi wanafunzi twamwita Babu. Alijitetea, lakini mtu anayelala karibu na stoo ana nini cha kuonyesha? Maneno yakaendelea mpaka wengine wakasema afadhali aondolewe kazini.

Mwalimu wetu wa fizikia akasema kwamba kabla hatujamhukumu mtu, yatupasa kuihukumu mashine. Ijumaa iliyofuata alijaza tangi mwenyewe, akatumbukiza kijiti kikavu na kutia alama mahali petroli ilipofika, akafunga mlango kwa kufuli yake, na ufunguo akakaa nao. Jumatatu tulifungua mbele ya Babu mwenyewe. Kufuli ilikuwa salama. Kijiti kilionyesha kwamba petroli imepungua. Mwizi alikuwa ndani ya stoo, naye hakuwa na miguu.

Kwa nini hapakuwa na dimbwi? Sababu ni kwamba petroli si kama maji wala si kama mafuta ya kupikia. Tone lake likianguka, jingine hunywewa na udongo, na lililobaki hugeuka mvuke upesi. Hebu tufanye hesabu. Tuchukue kwamba matone 30 ni mililita 1, na kwamba tone moja laanguka kila baada ya sekunde 10. Hayo ni matone 6 kwa dakika, matone 360 kwa saa. Tangu Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Matone yote ni 21,600, yaani mililita 720. Hiyo ni karibu robo tatu ya lita, nayo imetoweka bila mtu kuona hata tone moja! Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba hukimwaga pia.

Hatari ya mvuke

Hasara ya fedha yaumiza, hasa kwa kuwa petroli yetu hutoka mbali na bei yake hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza bei mpya. Lakini hasara hiyo ni ndogo ukiilinganisha na hatari ya moto.

Wengi wetu tumekua tukiona mafuta ya taa ndani ya nyumba, na kwa hiyo tunaitendea petroli kama ndugu yake. Hilo ni kosa kubwa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Dizeli hutaka zaidi ya nyuzi 50. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hapa kwetu hakuna mtu aliyepata kuionja. Maana yake ni kwamba petroli iliyo wazi iko tayari kuwaka wakati wote, asubuhi, mchana na usiku.

Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4. Haupandi juu kama moshi. Hushuka sakafuni, ukatambaa kama maji, ukapita chini ya mlango na kuingia chumba cha pili. Mtu aliyesimama huenda asinuse kitu, huku miguuni pake mvuke umejaa. Ukikutana na jiko la mkaa, kibatari au mshumaa, huwaka, na moto hurudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwenye tangi.

Tufanye hesabu nyingine. Lita 1 ya petroli ikigeuka mvuke yote, hutoa mvuke wa lita 200 hivi. Mvuke huo huweza kuwaka ukiwa umefika kiasi cha sehemu 1.4 katika kila sehemu 100 za hewa. Chumba chenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.4 kina hewa ya lita 14,000 hivi, na lita 200 ni sehemu 1.4 katika 100 za hewa hiyo. Basi lita moja tu iliyovuja yatosha kukifanya chumba kizima cha kulala kuwa baruti, ikiwa kimefungwa. Na kwa kuwa mvuke hukaa chini, karibu na sakafu hatari hufika mapema zaidi, hata kabla lita haijatimia.

Afrika Mashariki imeyaona mambo haya kwa machozi. Tarehe 12 Septemba 2011 katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli ilivuja kutoka bomba kubwa la mafuta ikaingia katika mtaro unaopita kati ya nyumba za watu. Ilipowaka, watu wapatao 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Hayo yalikuwa bomba kubwa na lori zima, nasi twazungumza juu ya tangi la lita chache. Lakini tabia ya petroli ni ile ile, na nyumba yenye mlango mmoja haihitaji lori.

Kwa nini mashine iliyolala huvuja

Ili kuelewa, yafaa tuifuate safari ya petroli. Hutoka katika tangi, ikapita koki, yaani kifungio cha mafuta. Kisha huingia katika mpira, ikapita chujio, ikafika kabureta. Ndani ya kabureta kuna kikombe kidogo, na katika kikombe kuna boya linaloelea. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano, nayo sindano huziba tundu ili isiingie nyingine. Ni kazi ile ile ya boya la tangi la maji. Mahali popote katika safari hii panaweza kuvuja.

Kwanza, mpira huzeeka. Jua, joto la mabati na petroli yenyewe huufanya kuwa mgumu, ukapasuka hasa mwishoni, pale unapobanwa. Wakati mwingine panya hutafuna.

Pili, tangi huliwa na kutu. Usiku hewa ikipoa, unyevu hugeuka matone ya maji ndani ya tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka na kukaa chini kabisa, penye mshono, na hapo hula bati miezi mingi bila kuonekana.

Tatu, uchafu. Chembe ya mchanga au ya kutu ikikaa kati ya sindano na tundu lake, tundu halizibiki. Petroli huzidi kuingia mpaka kikombe kikafurika.

Nne, gasketi na mipira midogo ya mviringo hukauka. Mashine ikikaa muda mrefu bila kutumika, petroli ya kikombe hukauka na gasketi nayo husinyaa. Siku ukifungua koki, petroli hupita pembeni.

Tano, mtikiso. Injini ikifanya kazi hutetemeka, na nati, skrubu na vibano hulegea kidogo kidogo.

Sita, kujaza kupita kiasi. Petroli hutanuka kwa joto, karibu sehemu 1 katika 100 kwa kila nyuzi 10. Jenereta yenye tangi la lita 15, ikijazwa pomoni asubuhi na kuwekwa chini ya mabati mpaka joto liongezeke nyuzi 20, petroli yake yataka nafasi ya mililita 300 zaidi. Kama nafasi haipo, itatokea kwenye kifuniko.

Namna ya kutafuta

Pua ndiyo fundi wa kwanza. Mashine nzima haipaswi kunuka petroli siku ya pili baada ya kuzimwa. Ukisikia harufu, usiseme "ndivyo ilivyo mashine." Amini pua yako na uanze kazi.

Kabla ya yote, zima jiko na kila moto ulio karibu. Fungua mlango na madirisha. Usibonyeze swichi ya taa humo ndani, wala kuwasha wala kuzima, maana cheche ndogo ya swichi yatosha. Tochi iwashwe ukiwa nje. Kisha itoe mashine kwa kuisukuma au kuibeba, si kwa kuiwasha, mpaka mahali peupe penye upepo, mbali na jiko. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Usitegemee maji, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na moto utasafiri nayo. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti wala kibatari. Tena kazi hii ni ya watu wazima, au ya wanafunzi wakubwa walio pamoja na mwalimu au fundi. Watoto wadogo wakae mbali.

Hatua ya kwanza ni kukausha. Futa mashine yote kwa kitambaa, hasa chini ya tangi, koki, mpira na kabureta. Petroli hutambaa juu ya chuma na kudondoka mbali na ilikotoka, kwa hiyo palipo na tone sipo lazima palipo na tundu. Usipokausha kwanza utadanganyika.

Hatua ya pili ni chaki. Hapa shuleni hatukosi vipande vya chaki. Visage viwe unga, kisha nyunyiza unga huo penye kukauka, kuzunguka viungo vyote. Tandika boksi jeupe chini ya mashine. Ngoja nusu saa. Petroli ikitoka hata kidogo, unga hulowa na kubadili rangi pale pale. Ukiona pengi pamelowa, tazama pa juu zaidi, maana mafuta hushuka hayapandi, na chanzo ni pale pa juu kabisa. Uvujaji wa zamani pia huacha alama: petroli iliyokauka hubakiza doa la manjano au la kahawia lenye kunata kidogo.

Hatua ya tatu ni koki. Funga koki ungoje. Matone yakikoma, kosa liko chini ya koki, yaani katika mpira, chujio au kabureta. Yasipokoma, kosa liko katika tangi au katika koki yenyewe. Kwa jaribio hili moja umekwisha gawanya kazi nusu kwa nusu.

Hatua ya nne ni kabureta. Fungua koki bila kuwasha injini. Petroli ikitoka katika mrija mdogo wa kumwagia ziada, sindano au boya ndilo lenye kosa. Ikitoka kuzunguka ukingo wa kikombe, ni gasketi. Ikitoka penye skrubu ya chini, ni washa yake au imelegea.

Hatua ya tano husahauliwa na wengi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imezidi kipimo, nyepesi, na yanuka petroli, ujue kwamba petroli imepita ndani ya injini na kushuka kwenye oili. Uvujaji wa namna hii hauanguki sakafuni hata tone. Usiiwashe mashine hiyo. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma, na mvuke wake waweza kuwaka. Tengeneza kosa, mwaga oili yote, tia mpya.

Wenye mashine za kusaga za dizeli nao wana neno lao. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, lakini hulowesha matambara na kuni, nayo hutelezesha. Katika mashine hizo uvujaji mwingine hauonekani: badala ya dizeli kutoka, hewa huingia, na mashine hukataa kuwaka asubuhi. Tena bomba linalokwenda kwenye nozeli lina nguvu kubwa mno. Usilipapase kwa mkono injini ikizunguka, maana dizeli inayoruka kwenye tundu dogo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali mara moja hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Tulichokikuta katika pampu yetu

Tulikuwa wanafunzi wanne, mwalimu wetu na fundi mmoja wa pampu wa hapa kijijini. Tulikausha, tukanyunyiza chaki, tukangoja. Unga wa chini ya mrija wa ziada ulilowa, na kwa saa tulihesabu tone moja kila sekunde 9 au 10. Tulipofunga koki, matone hayakukoma, yalipungua tu. Hapo fundi akatuambia kwamba makosa ni mawili. Alifungua kikombe, akakuta chembe za kutu chini ya sindano. Alifungua koki, akakuta mpira wake wa ndani umekauka na kupasuka, kwa hiyo ilikuwa yafungwa kwa jina tu. Kosa moja peke yake lisingemwaga petroli: koki nzima ingeizuia, au sindano safi ingeizuia. Makosa mawili yalipokutana, petroli ilipata njia.

Vipuri vilitoka duka la vipuri Muleba, navyo havikuzidi gharama ya petroli iliyopotea. Jumatatu iliyofuata kijiti kilionyesha alama ile ile ya Ijumaa. Babu aliambiwa mbele ya shule nzima, mstarini, kwamba hana hatia. Mimi naona kwamba hiyo ndiyo faida kubwa kuliko petroli, kwa maana petroli hununuliwa, lakini jina jema la mzee halina duka.

Namna ya kutengeneza

Mpira mbovu usifungwe kwa waya wala kwa kamba. Ubadilishwe wote, kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli na wenye upana ule ule, tena ubanwe kwa kibano. Mpira wa baiskeli haufai hata kidogo, kwa sababu petroli huuvimbisha na kuulainisha, na baada ya siku chache mambo huwa mabaya kuliko mwanzo. Mpira wa plastiki wa maji nao hugeuka mgumu na kupasuka.

Sindano yenye uchafu husafishwa pamoja na tundu lake. Ncha yake ikiwa imelika, inunuliwe nyingine. Boya litikiswe karibu na sikio. Likisikika petroli ndani, limetoboka, haliwezi tena kuelea. Gasketi iliyotolewa ikiwa imekunjika au kukauka isirudishwe. Skrubu zikazwe kwa kiasi, maana kabureta ni ya chuma laini na meno yake hukatika upesi.

Tangi lenye tundu ndilo kazi ya hatari. Ukiwa njiani, pakae sabuni ya mche penye ufa na kuikandamiza. Sabuni haiyeyuki katika petroli, nayo itakufikisha kwa fundi. Lakini hiyo ni dawa ya njiani, si ya mwaka. Gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili hushika vizuri ikiwa tangi limemwagwa, limekaushwa na bati limesuguliwa likang'aa. Ama kuchomelea, mtu yeyote asithubutu kuchomelea tangi kwa sababu tu amelimwaga. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa lina petroli na hewa kidogo, bali tupu lina mvuke na hewa vilivyochanganyika, na hivyo ndivyo vitu vinavyolipuka. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kuliosha na kuondoa mvuke wote kwanza. Asiyejua, ununue tangi jingine.

Ukimaliza, rudia jaribio la chaki. Matengenezo yasiyopimwa ni matumaini tu.

Namna ya kuweka mashine

Ukimaliza kazi ya siku, funga koki na uiache injini izunguke mpaka izime yenyewe. Kwa njia hiyo kikombe cha kabureta hubaki kitupu, na hata sindano ikiwa mbovu hakuna cha kumwagika. Mashine ikitaka kukaa miezi, mwaga petroli yote ya tangi. Petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba matundu. Usijaze tangi mpaka mdomoni. Mara moja kwa mwezi kagua mpira na vibano.

Petroli ya akiba iwekwe katika chombo chake chenye kifuniko cha kubana, kilichoandikwa jina. Isitiwe katika chupa ya maji wala dumu la mafuta ya kula. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu.

Stoo ya mashine iwe peke yake, mbali na jiko, na matundu yake ya hewa yawe pia karibu na sakafu, kwa kuwa mvuke hukaa chini. Dirisha la juu peke yake halisaidii sana. Ndoo ya mchanga iwe mlangoni. Moto ukishakuwa mkubwa, usipigane nao. Toeni watu kwanza, kisha pigeni simu ya Zimamoto, namba 114.

Sasa nina neno kwa wazazi wetu, nalisema kwa heshima. Najua kwamba pikipiki ni mali ya gharama, tena kwa wengine ndiyo ada yetu ya shule na chakula cha nyumbani. Najua pia kwamba wezi wapo. Kwa hiyo twailaza sebuleni, mara nyingi mbele ya mlango, na watoto hulala nyuma yake. Likitokea la kutokea usiku, moto unakuwa umekaa kwenye mlango, na hao walio ndani hawana pa kupita. Banda dogo lenye mnyororo na kufuli, lililogusana na ukuta wa nyumba kwa nje, huzuia mwizi, na hewa hupita. Na ikiwa kwa sasa hapana njia ila kuilaza ndani, basi ipoe kwanza nje, koki ifungwe ikiwa inayo, dirisha liachwe wazi, pasiwe na jiko wala kibatari humo, na isiwekwe kamwe kati ya watoto na mlango.

Na ninyi wanafunzi wenzangu, likizo i karibu. Kila mmoja akifika nyumbani aombe ruhusa kwa mwenye mashine, watazame pamoja koki, mpira na kabureta, wanyunyize chaki na kungoja nusu saa. Kazi hii haina gharama. Petroli ikipungua msiulize kwanza nani ameiba; ulizeni kwanza imepita wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na penye petroli huenda usibaki hata ukuta wa kujengea.

Mwanafunzi, Kidato cha IV